Taa Iliyomwinua Bibi

Flashi yetu iliwaka wakati kidole cha kaka yangu kinakuna pua. Nataka uelewe hapo kwanza, maana hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuniaga. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni kwake, mkono mmoja mfukoni, mwingine puani, na ile taa tuliyoisimamisha kwenye stendi pembeni ya mgomba ikawaka, paa! Mwanga mweupe ukajaa kihamba kizima, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Na Bibi, mwenye sherehe yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti ubavuni kwa Babu, akasema, "Haya, tayari." Akainuka, akakung'uta kitenge, akaanza kwenda zake jikoni kuangalia ndizi.

"Bibi, bado!" nikapiga kelele.

"Bado nini? Si imewaka?"

Imewaka, ndiyo. Lakini hakuna aliyepiga.

Ngoja nirudi nyuma, la sivyo na wewe utachanganyikiwa kama mimi.

Mimi na kaka yangu tunatoka Njoro, hapa hapa Moshi. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama, alichokuwa anashonea nguo zamani, ndiyo studio yetu. Cherehani bado ipo, imefunikwa kitambaa, na ukikaa vibaya kwenye picha ya pasipoti inatokea begani kwako. Kaka ndiye anayepiga. Mimi nashika taa na naongea. Kaka haongei. Tangu utotoni mtu akimchokoza yeye ananyamaza, halafu mimi ndiye narudi nyumbani na ndala imekatika. Hakuna aliyekuwa ananituma. Mtu wangu ni mtu wangu, basi.

Hii kazi hatukufundishwa na mtu. Tumejifunza kwenye simu, kwa zile video ambazo jamaa anaongea Kiingereza mbio mbio kama daladala linamwacha. Bando likiisha katikati ya somo, tunamalizia kwa kubahatisha. Ndiyo maana elimu yetu ina mashimo, na hatujui mashimo yako wapi mpaka tutumbukie.

Mwaka ule tulikuwa tumeachana na kamera yetu ya zamani, ile nzito yenye kioo ndani kinachopiga kelele kla! kila ukibonyeza. Tukahamia hizi mpya zisizo na kioo. Ndogo, nyepesi, ukichungulia unaona kitelevisheni. Flashi za kampuni iliyotengeneza kamera yenyewe hatuzisogelei, tunaziona dirishani tu na kupita. Zetu ni za Kichina, flashi mbili na triga yake. Triga ni kidude unakipachika juu ya kamera. Ukibonyeza kamera, kidude kinaiambia flashi iliyo mbali, bila waya wowote, waka! Nayo inawaka. Au ndivyo boksi lilivyosema.

Ile kamera ilituvuruga tangu siku ya kwanza. Unaipanga kwa ajili ya flashi, unachungulia, unaona giza tupu, unadhani imekufa. Unabonyeza, flashi inawaka, picha inatoka nzuri kama mchana kweupe. Kaka akaniambia, "Inatuonyesha ingekuwaje bila taa." Nikamwambia sasa ya nini kutuonyesha kitu ambacho hakitakuwepo? Siku nyingine picha inatoka nusu, juu watu wanacheka, chini nyeusi kama imechovywa kwenye oili chafu. Tukaja kujua kumbe ni kasi, ukiiharakisha sana kamera, triga yetu haiwahi. Yaani kila tulichokijua tulikijua baada ya kuaibika mahali.

Kazi ya Marangu niliileta mimi kwa mdomo. Mama mmoja alikuja kupiga pasipoti, nikaongea naye mpaka akatupa jubilei ya wazazi wake, miaka hamsini ya ndoa. Ilikuwa Desemba, Wachagga wote wamepanda nyumbani, wa Dar, wa Mwanza, wa wapi sijui. Kabla ya sherehe tukaenda kuangalia mahali. Bibi alitukuta tumesimama kwenye kahawa zake tunanyoosha vidole juu kupima mwanga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nyie ndio wa picha?"

"Ndiyo Bibi."

"Mna taa?"

"Tunazo mbili," nikasema kwa kujidai.

Akamwangalia kaka, akaniangalia mimi, akajifuta mikono. "Siku ya ndoa yangu alikuja mtu wa picha kutoka Moshi. Na gari alikuja. Ana taa kubwa kama sufuria. Akanikalisha na meku huyu, huyu mzee wangu, akaniambia usitikisike. Sikutikisika. Inzi akatua hapa," akagusa juu ya mdomo, "sikutikisika. Taa ikawaka, kila mtu aliiona, watoto walikimbia. Tukangoja picha. Kahawa ikavunwa, ikauzwa, tunangoja. Halafu akaleta maneno kwamba filamu imeungua. Imeungua! Na taa mimi niliiona ikiwaka kwa macho yangu."

"Kwa hiyo hamna hata moja?"

"Hata moja. Wanangu wanadhani nilizaliwa mzee."

Babu alikuwa anachonga mpini hapo pembeni. "Mimi najua ulivyokuwa," akasema.

"Wewe nyamaza." Lakini alitabasamu. Kisha akatugeukia, tabasamu limeondoka. "Nataka moja. Mimi na yeye, na watoto, na wajukuu wote, hapa kwenye migomba ilipokuwa nyumba yetu ya kwanza. Na iwe ya karatasi, si ya kwenye simu. Nitakaa mara moja. Taa ikiwaka nimemaliza. Sitachezewa na taa mara mbili."

Kaka yangu, ambaye hata mama akimuuliza kama ameshiba anafikiria kwanza, akasema, "Itatoka, Bibi."

Nilishtuka. Kaka huwa haahidi. Na kwa sababu yeye ameahidi, na mimi nikaongezea yangu: "Isipotoka, Bibi, mimi sirudi Njoro. Nitabaki hapa nikulimie kahawa."

"Hujui kulima," akasema. "Mikono yako naiona."

Siku ya sherehe ilianza kanisani. Padri alimwita kaka pembeni kabla ya misa, akamwambia flashi hapana, na ile kelele ya kamera wakati wa mageuzo, pale anapoinua hostia, hataki kuisikia. Kaka akaingia kwenye mipangilio akaiweka kamera kwenye kimya. Hiyo ndiyo raha ya hizi kamera mpya, unapiga na haitoi hata pumzi. Mimi nilikaa benchi la nyuma na ushungi wangu, mama aliyekaa kando yangu ananigusa kiwiko kila ukifika wakati wa kusimama. Baada ya misa padri akamwambia kaka, "Nilidhani umelala." Nilivimba kichwa mimi kuliko kaka.

Tukashuka nyumbani. Ngoma, pombe ya mbege, ndafu amesimamishwa mezani, mbuzi mzima wa kuchoma na majani mdomoni kama bado yuko malishoni. Ikawa hotuba juu ya hotuba, kila mjomba na yake. Na Marangu unaijua, jua linawaka, ukigeuka kumeza mate wingu limeshuka mpaka kwenye migomba. Ilipofika zamu ya picha ya ukoo, chini ya migomba kulikuwa na giza la kijani, ukungu unapita katikati ya watu. Hapo bila flashi utapata picha ya vivuli.

Nikasimamisha taa zetu mbili. Kaka akapachika triga. Tukawapanga, wazee katikati kwenye viti, watoto wao nyuma, wajukuu chini kwenye majani. Ndipo taa ikawaka kaka akijikuna pua, na Bibi akaondoka.

Tukamrudisha. Nikamwambia ile ilikuwa ya majaribio, ingawa sikujua ilikuwa ya nini. Akakaa, anasonya kidogo kidogo. Kaka akachungulia, akashusha pumzi, akabonyeza.

Kimya. Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Hakuna.

"Betri," nikasema. Nikakimbia kwenye flashi, zote zimejaa, vitaa vyake vyekundu vinanitazama. Nikarudi, nikaangalia triga, imewaka vizuri, namba zote ziko mahali pake. Nikageuka nimwambie kaka abonyeze tena, na kabla hajagusa kitu, paa! paa! Mara mbili. Taa zetu zote.

"Tayari?" Bibi akainuka.

"Bado, Bibi!"

"Imewaka mara mbili!"

"Haikuwaka, Bibi. Yaani imewaka, lakini siyo sisi."

"Sasa ni nani?"

Hilo ndilo swali nililokuwa najiuliza mimi. Mjomba mmoja, ameshashusha mbege ya kutosha, akasema pengine ni wazee wa zamani wa kihamba na wao wanataka kuwemo kwenye picha. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Tukibonyeza haziwaki, tusipobonyeza zinawaka. Kama zingekufa tu ningeelewa. Kitu kikifa kimekufa. Lakini hizi zilikuwa hai, zinafanya kazi vizuri kabisa, ila si kwa ajili yetu.

Kaka alikuwa anaigeuzageuza kamera kama mtoto mchanga ambaye hajulikani analilia nini. Jasho lilimtoka, kwenye baridi ile. Nikaichomoa triga juu ya kamera, nikabonyeza kile kitufe chake cha kujaribia, ambacho kinawasha taa bila kamera. Paa! Zikawaka.

Lakini nilihesabu mianga mitatu. Flashi zetu ni mbili.

Wa tatu ulitokea nyuma, upande wa meza ya ndafu. Nikabonyeza tena nikiangalia kule. Paa! Mkononi kwa kijana mmoja, mjukuu wa nyumba hiyo kutoka Dar, flashi ikawaka, na shangazi yake aliyekuwa mbele yake na sahani akaziba macho. "We mtoto, utanipofua!" Kijana alikuwa na kamera yake mwenyewe, siku nzima nimemwona anapiga piga, sikumjali. Sasa nikaona kitu kilichokuwa juu ya kamera yake. Triga. Kama yetu. Pacha wa yetu kabisa.

Leo kukueleza ni rahisi. Triga hizi zinaongea kwa chaneli, kama redio, na zikitoka kiwandani zote zinakuwa chaneli namba moja. Sisi hatukuwahi kubadilisha, yeye hakuwahi kubadilisha. Akipiga yeye, taa zetu zinamtii. Nikibonyeza mimi, yake inanitii. Dawa yake ni kubadili namba tu. Lakini wakati ule kichwani kwangu hakukuwa na namba. Nilikuwa nimemwona mtu aliyekuwa anamwaibisha kaka yangu mbele za watu.

"Wewe!" nikamwendea. "Kumbe ndiye unawasha taa zetu?"

"Taa zenu? Nyie ndio mnawasha yangu! Shangazi anasema namfanyia utani."

"Zima hicho kidude."

"Nizime? Dada, hapa ni kwa babu yangu. Zimeni nyie."

"Sisi ndio tumeitwa kupiga."

"Sasa mbona hampigi? Huyo fundi wako kabonyeza mpaka kidole kimechoka, hata moja haijawaka. Arudi zake mjini akapige pasipoti."

Angenitukana mimi ningeweza kuvumilia. Labda. Lakini kaka alisikia, nilimwona anainamisha kichwa kwenye kamera, nami nikafunguka. Nilimwambia kamera alinunuliwa na baba yake lakini akili hazikuwemo kwenye boksi. Nikamwambia kaka yangu akifumba macho anapiga kuliko yeye akiyafumbua. Na nikamalizia kwamba bora huyo shangazi yake apofuke kweli, aepukane na kuziona picha zake.

Shangazi alikuwa amesimama pale pale, sahani mkononi.

Bibi akainuka. Safari hii taa haikuwaka. Alikwenda taratibu mpaka mwisho wa kihamba, pale masale yalipopandwa mstari kuonyesha mpaka, akachuma jani moja refu, akalikunja fundo, akarudi nalo kwangu. Mimi ni wa mjini, lakini sale nalijua. Ukikosana na mtu unampelekea, akilipokea yamekwisha, na kulikataa hawezi.

"Mpe," akasema.

"Mimi nimpe? Bibi, yeye ndiye kamtukana kaka yangu!"

"Mpe."

"Lakini Bibi..."

"Binti, giza linaingia na matako yananiuma. Mpe."

Nikamwangalia kaka. Akanionyesha kwa kidevu: mpe. Basi nikampelekea, mkono umenyooka, mdomo nimeubana. Mjukuu wa Dar akalitazama lile jani.

"Nalifanyaje?" akauliza.

"Pokea, mjinga wewe," mjomba akasema. "Mkono wa kulia."

Akapokea. Shangazi akasema, "Na mimi niliyetakiwa kupofuka?" Watu wakaangua kicheko, nami nikampigia magoti, nikamwomba samahani, akanilisha kipande cha nyama kwa nguvu. Kijana akazima triga yake. Mpaka leo sijui nani alimsamehe nani. Mimi ndiye nilitoa, yeye ndiye alipokea, na aliyezima ni yeye.

Nikajua sasa yameisha. Kaka akarudisha triga kwenye kamera, Bibi akakaa, akashika mkono wa Babu, akatulia. Kaka akabonyeza.

Hakuna.

Akabonyeza tena na tena. Hata cheche. Na sasa sikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilitamani kijana awashe tena kidude chake ili niwe na cha kupigia kelele. Kaka akazima kamera, akawasha. Akachomoa betri, akarudisha. Wingu lilikuwa limeshuka kabisa, nyuso za waliosimama nyuma zilianza kupotea.

"Ni kama ile," Bibi akasema. Hakumwambia mtu. Alisema tu, akiangalia magoti yake.

Mjukuu akasogea, sale ameliweka kwapani, hajui pa kulitupa. "Kaka," akamwambia kaka yangu, na hakukuwa na dharau humo, "yangu inawasha taa zenu. Acha nipige mimi, au chukua upige kwa yangu."

"Sawa," kaka akasema. "Piga wewe."

"Hapigi!" nikasema.

"Ni picha ya Bibi," kaka akaniambia polepole. "Siyo yangu."

Hapo nilikwama. Upande huu Bibi, niliyemwahidi mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Upande ule kaka, ambaye kesho Marangu nzima itasema aliitwa kupiga picha akashindwa, ikabidi apige mtoto wa Dar. Siwezi kumwacha Bibi. Siwezi kumwacha kaka. Niliinyakua triga nikawa nafanya kile ninachofanya nikikosa la kusema, navunja vunja vidole, na kidole kimoja kikaangukia kile kitufe cha kujaribia. Paa!

Bibi akainuka nusu.

"Kaa Bibi, ni mimi tu!"

Nikaangalia triga mkononi. Mimi nikibonyeza, taa inawaka. Kaka akibonyeza, kamera inapiga, ila taa haisikii. Sasa kwa nini iwe lazima kamera iiambie taa? Mimi nina mdomo. Mimi nitaiambia.

"Kaka, weka kamera kwenye stendi. Ifungue muda mrefu. Sekunde nzima. Ikiwa wazi, mimi nawasha kwa mkono."

Alinitazama. Nikaona macho yake yanafanya hesabu. "Watatikisika," akasema.

"Kuna giza. Taa ndiyo itakayowashika. Jaribu mara moja, ikishindikana apige yeye, sitasema neno."

"Utasema."

"Nitasema. Jaribu."

Akaiweka. Stendi ya taa moja ilikuwa inazama kwenye udongo laini, mjukuu akaenda kuishika bila kuambiwa, akaiinua juu kwa mikono miwili kama mtu wa maandamano. Nikasimama mbele ya ukoo mzima, triga mkononi.

"Sikilizeni! Mtu asihame mpaka niseme. Bibi, hasa wewe. Hii taa ni mwongo, umeielewa? Usiifuate taa. Fuata mdomo wangu."

"Mdomo wako nao unaropoka," Bibi akasema, watu wakacheka.

"Kaka, tayari? Moja, mbili..."

Nikawahi. Taa ikawaka, kamera ikafunguka baadaye. Bibi ameshasimama. Nikapiga kelele, rudini, kaeni. Ya pili nikachelewa. Mtoto mmoja akaanza kulia. Ya tatu kaka akasema "sasa," mimi nikabonyeza ndani ya neno lake hilo hilo, paa! Nikaona wote kwa mara moja, weupe, kila jani la mgomba, mvi za Babu, jino la dhahabu la mjomba.

"Tayari," Bibi akasema, ameshainuka.

Kaka akainamia kioo cha nyuma ya kamera. Mimi nikatazama mgongo wake, na mgongo wa kaka naujua, lakini ule sikuweza kuusoma.

"Imetoka?" Babu akauliza.

"Imetoka," kaka akasema.

Akaniita nione nikiwa nakunja stendi. Wote walikuwemo, wametulia, safi kabisa. Bibi amekaa, mkono wake kwenye mkono wa Babu, anatazama moja kwa moja. Na juu yake, kama moshi, Bibi mwingine anainuka. Unamwona na migomba ya nyuma unaiona ndani yake. Taa ilimshika amekaa, halafu kwa sababu kamera ilikuwa bado iko wazi, ikambeba na anavyoondoka. Aliifuata taa, hakuufuata mdomo wangu.

"Imeharibika," nikasema kwa sauti ya chini.

"Sijui," kaka akasema.

Kesho yake studio, kaka alikuwa anaichokonoa kamera, nami nafagia. Mara paa! Flashi ikawaka juu ya cherehani ya mama. Nikaacha fagio. Kaka alikuwa amenyoosha kidole kwenye kioo cha kamera, kwenye neno moja la Kiingereza, na maana yake ni hii: Kimya. Ilikuwa bado kwenye kimya tangu misa. Akairudisha kwenye kimya, akabonyeza, flashi ikanyamaza. Akaitoa, paa! Kumbe kamera ikiwa kwenye kimya haiiambii triga kitu chochote, inakaa kimya kwa kila mtu. Hakuna aliyetuambia. Pengine yule jamaa wa kwenye video alisema, bando letu likawa limeshaisha.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakasirika, halafu sikujua nimkasirikie nani. Padri? Mchina? Kaka mwenyewe hakucheka. Alichukua simu, akampigia yule mjukuu wa Dar, kumbe walishapeana namba, akamweleza yote, kwamba kutowaka kwa taa zetu hakukumhusu yeye, na kwamba sote tubadili chaneli.

"Umemwambia ya nini?" nikamfokea. "Si alishapokea sale? Si yamekwisha?"

"Ndiyo maana nimemwambia," akasema. Sijaelewa mpaka leo, lakini ni kaka yangu, kwa hiyo yuko sahihi.

Siku iliyofuata alijaribu kumfuta yule Bibi wa moshi kwenye kompyuta. Akimgusa, migomba ya nyuma inaharibika. Akigusa migomba, bega la Babu linapungua. Mwishoni akaacha. Tukaisafisha kubwa, kwenye karatasi nzuri, tukaiweka kwenye fremu, tukapanda Marangu tumenyamaza wote wawili. Mimi kunyamaza, fikiria.

Ukoo ulikuwa umeshatawanyika, wazee wamebaki peke yao. Bibi akafuta meza kwanza, akafuta mikono, ndipo akaipokea. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Akawapitia wote kwa kidole, mmoja mmoja, kwa majina yao. Alipofika kwake kidole kikasimama.

"Huyu aliyesimama ni nani?"

Kaka akafungua mdomo. Nikamwahi, maana kama ni kutukanwa nitukanwe mimi. "Ni wewe, Bibi. Nilikuambia usihame. Uliinuka kamera haijafunga, ikakuchukua mara mbili. Tumejaribu kukutoa, umekataa kutoka."

Babu akaivuta fremu, akaweka miwani, akatazama. Mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyu aliyekaa simjui," akasema. "Huyu anayeondoka ndiye nimekaa naye miaka hamsini."

"Wewe nyamaza." Bibi akairudisha kwake. Hakucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu maneno ya kuomba msamaha, na hakuna sale karibu. Kidole chake kilikuwa bado kiko kwa yule wa moshi.

"Ile ya kwanza nilitulia kama jiwe," akasema. "Na inzi mdomoni. Sikupata hata mmoja. Hii nimeinuka, nimepata wawili."

Alisema kwa hasira au kwa furaha, sikuweza kujua. Nilimwangalia kaka, naye alikuwa ananiangalia mimi nimweleze. Bibi akasimama na fremu kifuani, akaanza kuzunguka chumba akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole, hapa, hapa, juu ya redio hapana, karibu na mlango hapana.

"Meku," akaita, "lete msumari. Mrefu."